Waliochelewa Kurudi Kutoka Kipara

Ilikuwapo nchi moja ikiitwa Shwari, na huenda ipo hadi leo, maana nchi za namna ile haziishi upesi. Katika nchi hiyo hapakuwa na vita. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, kwa sababu redio ililitangaza asubuhi kabla ya habari za mvua, ikalirudia mchana kabla ya mpira, na ikalikumbushia jioni kwa wale waliokuwa wamesahau.

Mkuu wa nchi, aliyependa kuitwa Baba wa Utulivu, alitamka mbele ya Bunge kwamba neno "vita" halina asili katika mazingira ya Shwari, na Bunge likapiga makofi hadi baadhi ya waheshimiwa wakaamka. Tangu hapo neno likapigwa marufuku. Askari wa jiji, watu wa bidii, wakaanza kulisaka mitaani. Walimkamata muuza vitabu, kwa kuwa ubao wake ulianza na herufi zile zile. Muuza vitambaa alijitetea kwamba yeye anauza nguo tu, akaonywa. Mwenye duka la vitanda alikuwa mwepesi kuliko wenzake: kabla hawajamfikia alikwisha paka rangi ubao wake ukasomeka VILALIO, akatajwa redioni kuwa mzalendo.

Kilichokuwapo kule mpakani, kwenye kilima kinachoitwa Kipara kwa sababu hakioti hata jani, kilikuwa ni Zoezi. Jina lake kamili ni Zoezi la Kunyoosha Mpaka. Mpaka wa Shwari na jirani zao ulipinda kidogo pale kilimani, na Baba wa Utulivu kila akitazama ramani ukutani kwake, ule mpindo ulimkera. Jirani nao walikuwa na mkuu wao, na ramani yake, na mpindo uliomkera vile vile. Basi vijana wa pande zote mbili wakapelekwa kunyoosha. Wakanyoosha kwa mizinga.

Miongoni mwa waliokwenda kunyoosha alikuwa Koplo Fidelis, mume wa Sikujua.

Sikujua alikuwa msusi katika mtaa wa Mabatini. Jina lake alipewa na mama yake, ambaye umri ulikuwa umekwenda alipogundua kwamba tumbo lililokuwa likimsumbua halikuwa gesi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vidole vyepesi na maneno machache, na alisukia wateja barazani kwake. Maneno ya nyumba ile yalikuwa kwa mumewe. Fidelis alikuwa mtu wa kelele. Alibishana na redio wakati wa mpira, aliimba akioga, na siku za mapumziko alipika pilau kwa kishindo kama anayejenga ghorofa. Binti yao Tunu, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, alizoea kumsikia baba yake tangu kona ya barabara na kukimbia kumpokea.

Alipoondoka, malori yalifungwa riboni na bendi ikapigwa. Fidelis alimwinua Tunu juu akamwambia, "Baba anakwenda kushika kamba upande mmoja, wenzangu upande mwingine. Tukishainyoosha narudi."

Ilichukua muda kunyooka.

*

Malori yaliporudi, watu wa Mabatini walikusanywa kwenye uwanja wa gwaride kuyapokea. Kwenye jukwaa alisimama Bwana Pantaleo, Mkurugenzi wa Mapokezi na Furaha, mtu mnene mwenye tai ndefu iliyofika chini ya mkanda.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Zoezi limefana! Vijana wetu wamerudi kama walivyokwenda!"

Nyuma yake kijana mmoja aliyekwenda na miguu miwili alikuwa akishushwa kwenye lori na mguu mmoja. Bwana Pantaleo aligeuka, akatazama, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Kwa kiasi kikubwa," akasema.

Fidelis alishuka akiwa mzima, mikono yote, miguu yote. Sikujua alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimkumbatia, na ilikuwa kama kukumbatia mlango.

Pembeni yao alisimama Perpetua, jirani wa mtaa wa pili, akichungulia lori hadi lori. Mumewe, Leonsi, aliondoka siku moja na Fidelis, wamekaa ubavu kwa ubavu, wakigombania embe. Lori la mwisho lilipokwisha shusha watu, Perpetua alimfuata Bwana Pantaleo chini ya jukwaa.

"Bwana mkubwa, mume wangu simwoni."

"Amechelewa," alijibu Bwana Pantaleo.

"Amechelewa wapi?"

"Mama, hili ni zoezi. Katika zoezi hafi mtu. Wapo waliorudi na wapo waliochelewa kurudi. Wa kwako amechelewa." Kisha akaongeza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkurugenzi tu, "Nenda kampikie."

Perpetua akamgeukia Fidelis. Fidelis alimwona, akageuza uso akatazama magurudumu ya lori. Sikujua aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Perpetua akaenda kupika. Hakuwa na la kufanya. Kumwekea matanga mtu aliyechelewa lilikuwa kosa la kumtakia mabaya mtumishi wa umma, na adhabu yake ilijulikana.

*

Fidelis aliyerudi hakuwa na kelele. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Ukimuuliza habari alitikisa kichwa. Ukimwekea chakula alikula upesi, mkono mmoja umelinda sahani. Redio hakutaka kuisikia, wala mpira. Pilau ikapikwa na Sikujua, kimya kimya, ikawa pilau ya kawaida.

Siku moja Tunu aliangusha mfuniko wa sufuria. Ulipogonga sakafu, Fidelis alikwisha ruka, amemkumba mtoto, amemwingiza chini ya meza na kumlalia, kiganja kimemziba mdomo. Sikujua alitoka mbio barazani na chanuo mkononi. Alivuta bega la mumewe, akapigwa kiwiko kilichompasua mdomo. Fidelis alipotambua alipo, alimwachia mtoto, akatambaa hadi pembeni kwake, akakaa, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Baba alitaka kuniua?" Tunu aliuliza baadaye, wakiwa uani.

"Hapana. Alitaka usife."

"Nilikuwa sifi, mama."

"Najua. Yeye hajui."

Tangu siku ile nyumba nzima ikajifunza kunyamaza. Tunu alitembea kwa ncha za vidole. Alifunga mlango kwa mikono miwili kama anayemfunika mgonjwa. Alicheka akiwa shuleni, akaacha kicheko getini. Sikujua aliwahamishia wateja wake baraza ya jirani, maana wanawake wakisukwa hucheka, na vicheko vingine hulipuka. Alisuka mchana, akafua, akapika, akamlinda mtoto asimshtue baba na baba asimshtue mtoto. Uchovu ulimwingia mpaka kwenye vidole, akaanza kupindisha mistari ya nywele, na wateja waliompenda wakajifanya hawaoni.

Akampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpima Fidelis, akamwomba asubiri nje. Kisha akafunga mlango, akafunga dirisha, akashusha pazia, na akasema kwa sauti kubwa ya kusikika ukumbini:

"Hana kitu!"

Halafu akamwinamia Sikujua na kunong'ona, "Ana kitu."

"Kitu gani, daktari?"

"Siruhusiwi kukitaja. Ugonjwa wake umeletwa na jambo ambalo halikutokea. Ninachoweza ni kumwandikia malaria."

"Hana malaria."

"Wote wanaotoka Kipara nawaandikia malaria, mama. Wizara imeshaanza kushangaa mbu wa kule." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Sikiliza. Usimwamshe kwa kumgusa. Mwite jina lake ukiwa mbali. Na akijitupa chini, usimvute. Lala naye hapo hapo chini, umwekee mkono mgongoni, umngoje. Hiyo siyo dawa. Lakini dawa hatuna."

"Umejuaje yote hayo?"

Daktari alifungua pazia. "Kaka yangu," akasema. Kisha akaita kwa nguvu, "Malaria mwingine!"

*

Mwaka ulikaribia kutimu, na Siku ya Utulivu ikasogea. Baba wa Utulivu aliagiza kwamba mwaka huo zisherehekewe nyumba tulivu kuliko zote nchini. Kazi ya kuzitafuta akapewa Bwana Pantaleo, naye akazunguka mitaa yote na wasaidizi wake, akitega sikio kwenye milango ya watu.

Alifika Mabatini asubuhi. Alisikiliza mlango wa Sikujua kwa muda mrefu, hadi wasaidizi wakadhani amesinzia. Kisha akabisha hodi, uso umechanua.

"Mama, hongera! Nimesikiliza nyumba nyingi. Kote nasikia vyombo, nasikia ugomvi, nasikia watu wanacheka hovyo. Hapa kwako sijasikia kitu. Hata mtoto hachezi! Huu ndio utulivu alioukusudia Baba."

"Mume wangu anaumwa, bwana mkubwa."

"Anaumwa nini?"

Sikujua alifikiri. "Malaria."

"Malaria siyo kizuizi." Bwana Pantaleo aliingia ndani, akasimama mbele ya Fidelis aliyekaa pembeni kwake. "Koplo! Una lalamiko lolote kwa serikali yako?"

Fidelis hakujibu.

"Una neno lolote kuhusu Zoezi?"

Fidelis alitazama mlango.

"Mnaona!" Bwana Pantaleo aliwaambia wasaidizi wake, machozi yakimlengalenga. "Wangekuwa wote hivi, nchi ingekuwa wapi?"

Basi nyumba ya Fidelis ikatangazwa kuwa Kaya Tulivu ya Mfano. Sikujua aliomba waachwe. Aliuliza itakuwaje wakikataa. Bwana Pantaleo alimweleza, bila ukali wowote, kwamba wanaokataa heshima hupelekwa Nyumba ya Kupumzikia, na kule mtu hupumzika kweli kweli. Sikujua alikuwa anaijua nyumba hiyo. Kulikuwa na mzee mmoja wa mtaani aliyepelekwa kwa kuuliza mwanawe mwanajeshi yuko wapi. Aliporudi alikuwa hamuulizi mtu chochote, wala majina ya wajukuu hakuyajua.

"Tutakuja," akasema.

*

Siku ya Utulivu iliadhimishwa saa saba mchana, jua la utosi, kwa sababu Baba wa Utulivu hupenda kulala mapema. Kaya za Mfano zilipangwa kwenye majani katikati ya uwanja mkubwa wa michezo, mbele ya jukwaa lenye kivuli.

Sikujua aliketi, Tunu katikati, Fidelis upande wa pili. Alitazama kushoto na kulia. Waume wote walikaa namna moja, mgongo wima, macho yakitafuta lango la kutokea. Wake wote walikuwa wameweka mkono karibu na waume bila kuwagusa. Na watoto, mstari mzima wa watoto, hakuna aliyekuwa akipiga miguu wala kuchokozana. Mwanamke wa kaya ya jirani, mwenye kovu jipya juu ya jicho, alitazamana naye, akatazama midomo yake ilipopasuka na kupona.

Bwana Pantaleo alipita akirekebisha mistari. Sikujua akamwita chini chini.

"Bwana mkubwa, samahani. Mizinga itapigwa?"

"Ya heshima tu, mama. Haina risasi."

"Yeye hawezi kutofautisha."

"Ndiyo maana nimekueleza wewe, umweleze." Akaenda zake kwenye kipaza sauti.

Alihutubia kwa kirefu. Alisema utulivu ni nguzo, na nguzo hiyo ni msingi, na msingi huo ni dira. Alisema kaya hizi hazikuchaguliwa kwa upendeleo, zimechaguliwa kwa sikio. Alishuka hadi kwenye majani ili aonyeshe mfano, akasimama mbele ya Fidelis, akanyoosha mkono kama anayeuza fenicha.

"Tazameni uso huu!" akasema.

Mzinga wa kwanza ukalia.

Mstari mzima wa waume ulikwenda chini kwa pamoja, kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo. Fidelis alimfagia Tunu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaikamata ile tai ndefu, akamvuta Bwana Pantaleo hadi chini na kumlalia kichwa.

"Leonsi!" alipiga kelele. "Inama! Leonsi, inama!"

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu arudi.

Sikujua hakungoja. Alijilaza kwenye majani na gauni lake jipya, akaweka mkono kwenye mgongo wa mumewe, akausikia moyo ukigonga kiganja chake. Aliinua kichwa kidogo, akaona wake wengine wote nao wamelala chini, kila mmoja mkono mgongoni kwa mumewe. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Pengine walikuwa na madaktari wenye kaka.

Tunu, chini ya kifua cha baba yake, safari hii hakujitoa. Alimzungushia mikono shingoni. "Ni mimi, baba," akasema. "Nimeinama. Tazama, nimeinama."

Bendi ilisahau wimbo. Kule jukwaani Baba wa Utulivu alisimama, na mawaziri wote wakaanza kutazama viatu vyao, kila mtu akijiuliza nani atapumzishwa. Bwana Pantaleo alichomoka chini ya Fidelis, mdomo umejaa majani, akatambaa hadi kwenye kipaza sauti kilichoanguka.

"Mheshimiwa Baba wa Utulivu!" alitweta. "Hilo lilikuwa ni onyesho la halaiki! Linaitwa... linaitwa Kulala kwa Nidhamu!"

Baba wa Utulivu alilifikiria. Akapiga kofi moja. Akapiga la pili. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi.

Mizinga iliyobaki ikapigwa yote, kwa mpangilio. Kila mmoja ulipolia, waume walizidi kujichimba ardhini, na watu walisimama wakashangilia, na wengine waliwabeba watoto wao mabegani ili waone vizuri zaidi.

*

Onyesho lilimpendeza Baba wa Utulivu kiasi kwamba aliagiza liwe la kila mwaka, na kaya hizo zifanye mazoezi kila Jumamosi kwenye kiwanja cha mpira cha Mabatini. Bwana Pantaleo alipewa cheo kipya na filimbi.

Kila Jumamosi akapuliza, "Laleni!" Waume wakalala kifudifudi. Yeye mwenyewe akaenda kunywa supu ng'ambo ya barabara, maana hakuna kazi nyepesi kama kumwangalia mtu aliyelala.

Jumamosi za kwanza walilala kimya. Kisha mmoja akasema, paji lake likiwa ardhini, "Wewe ulikuwa upande gani?"

"Wa kijito," akajibu mwenzake.

"Mimi juu, penye mawe."

"Penye mawe palikuwa pabaya."

"Palikuwa pabaya."

Wakanyamaza tena. Lakini neno lilikwisha toka. Wamelala hivyo, hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni, na ikawa rahisi. Jumamosi baada ya Jumamosi sauti zikaongezeka. Wake zao walikaa ukingoni mwa kiwanja na chupa za chai, wakijifanya hawasikii. Mara moja kicheko kifupi kilisikika kutoka kwenye majani, kikakatika, na yule mwanamke mwenye kovu aliyafunika macho yake kwa khanga.

Fidelis alizungumza mwisho kuliko wote, na kidogo kuliko wote. Hata hivyo, alianza kumwambia Tunu "habari za shule", na kungoja jibu.

Jumamosi moja, wakirudi nyumbani, walipita mbele ya nyumba ya Perpetua. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitoka hadi njiani. Fidelis alisimama.

"Mama Tunu," akasema. "Leonsi hakuchelewa."

"Najua."

"Hujui. Nakwambia mimi." Alishusha pumzi. "Alisimama kutafuta mtandao. Nilimwambia inama, akasema dakika moja tu, anataka kumuuliza Perpetua kama mtoto ameota jino. Simu ilikuwa bado inaita alipoanguka. Mimi ndiye niliyeizima."

Sikujua alimshika mkono. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Na kila siku mama huyu anampikia," Fidelis akasema.

"Ukimwambia watakuchukua."

"Ndiyo."

"Na mimi pengine. Na Tunu atabaki na nani?"

Walisimama pale, magari yakiwapita. Sikujua alimwona mumewe akitazama ule mlango, siyo kwa macho ya kutafuta pa kutokea, bali kama mtu aliyetumwa mahali na hajafika. Alifikiri kumpeleka nyumbani, kumketisha kwenye kiti cha pembeni, na kuendelea hivyo miaka yote iliyobaki.

"Basi twende kwanza ukabadili shati," akasema hatimaye. "Hilo limejaa majani. Huwezi kwenda kwa mtu hivyo."

*

Perpetua aliwapokea na mwiko mkononi. Mtoto wake mdogo alikuwa amekaa sakafuni, meno yote ya mbele yameshaota. Mezani palikuwa na sahani moja imefunikwa kwa kawa.

"Karibuni, karibuni kiti," alisema. "Mwenyewe amechelewa kidogo, lakini chakula kipo."

Sikujua aliketi. Fidelis alibaki wima.

"Shemeji," akasema, "Leonsi hatakuja. Alifariki kule Kipara. Nilikuwa naye. Nimemzika kwa mikono yangu."

Perpetua aliweka mwiko juu ya meza, taratibu, akahakikisha hauchafui kitambaa.

"Ulimfunika na nini?" akauliza.

"Kwa koti langu."

"Lile zito?"

"Lile zito."

"Kule kuna baridi," Perpetua akasema. "Umefanya vizuri." Kisha akakaa chini sakafuni. "Nilikuwa najua, shemeji. Mwaka wote napika, namwaga. Lakini ningeanzaje? Mtu hawezi kuamka asubuhi akajiambia mwenyewe kwamba ni mjane. Lazima aje mtu aseme."

Halafu akalia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameibana, na sauti ile ikatoka dirishani, ikavuka uchochoro. Majirani walikuja wakasimama mlangoni. Walikuwa wakiogopa, hakuna aliyethubutu kukanyaga ndani. Mwishowe bibi mmoja wa nyumba ya nyuma alisukuma watu, akavua kandambili, akaingia, akaketi karibu na Perpetua na kumkumbatia. Basi woga ukaisha. Mikeka ikaletwa. Mabenchi yakatolewa. Sikujua akakusanya masufuria ya mtaa mzima, akabandika maji.

Nyumba ya tatu kutoka pale alikuwapo mama ambaye mwanawe naye alikuwa amechelewa. Alisikia kilio, akatoka nje akasimama barabarani. Hakuna aliyemwambia kitu. Alirudi ndani, akafungua milango na madirisha yote, akaanza kumlilia wa kwake. Kufikia alasiri kulikuwa na msiba mtaa wa tatu, na mwingine kule chini kwenye mafundi baiskeli.

Bwana Pantaleo alifika na askari wawili, filimbi shingoni. Uani aliwakuta waume wa Jumamosi wote, wamekaa kwenye mabenchi. Aliwatazama, akatazama wanawake kwenye mikeka.

"Mama Tunu," alimwambia Sikujua kwa sauti ya kukata tamaa, "hili tunaliitaje?"

"Msiba, bwana mkubwa."

"Hilo siwezi kulipeleka juu. Nipe neno lingine."

"Sina lingine. Kaa unywe chai."

Alibaki amesimama getini, midomo ikijaribu neno moja baada ya jingine. Nyuma yake wale askari wawili, kwa mazoea ya kulelewa na mama zao, walikwisha vua kofia.

Baadaye Fidelis aliitwa kituoni, akawekwa ndani kwa majuma kadhaa. Sikujua alimpelekea chakula kila siku, na kila siku aliambiwa kesho. Mwishowe alitolewa, siyo kwa huruma. Misiba ilikuwa imefika hadi mitaa ya wakubwa, waliosema "msiba" walikuwa wengi kuliko vyumba vya kuwaweka, na Nyumba ya Kupumzikia ilijaa. Redio iliendelea kutangaza kwamba vita havikuwapo. Fidelis naye aliendelea kuruka mlango ukijibamiza, na Sikujua aliendelea kulala naye sakafuni na kumngoja, mara nyingi, miaka mingi.

Lakini jioni ile ya kwanza, jua likiwa bado halijazama, kabla hayo yote hayajawa, mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele alimgeukia Fidelis, kama inavyoulizwa kwenye misiba yote.

"Basi tuambie, mwanangu. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Tunu alikuwa amekaa miguuni pa baba yake. Fidelis alisugua magoti yake.

"Alikuwa mwizi wa sukari," akasema.

Watu wakashtuka.

"Kambi nzima ilijua. Ukiacha sukari ukageuka, imekwisha. Unamuuliza, anakuapia kwa Mungu, na punje ziko kwenye masharubu."

Kutoka kwenye mkeka wa wanawake Perpetua aliinua kichwa, uso umevimba, umelowa.

"Hata hapa nyumbani!" akasema. "Nilikuwa naifungia kabatini!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wengi. Fidelis hakushtuka. Aliwatazama wanavyocheka, mmoja mmoja, kisha akamtazama Perpetua.

"Niendelee?" akamuuliza.

"Endelea, shemeji," Perpetua akasema, akijifuta kwa ncha ya khanga. "Sema yote."